Kama Unajua "Old Town Road", Ushaskiza Nine Inch Nails: Sasa Ingia Stoo ya Mashabiki

Rudi nyuma kidogo hadi 2019. Ile ngoma ya Lil Nas X ya mafarasi ilikuwa kila mahali: kwa mat, kwa kinyozi, kwa simu ya mtoi wa jirani hadi ukamchukia. Ilikaa namba moja kwa chati ya Billboard Hot 100 huko Marekani wiki 19, na wakati huo hakuna ngoma ilikuwa imewahi kukaa hivyo. Sasa ile sauti ya nyuzi inalia huko mwanzo, kila mtu alidhani ni wazee fulani wa country walikaa kwa veranda wakaichapa. Zii. Hiyo sauti ilikatwa kutoka kwa ngoma inaitwa "34 Ghosts IV", ya albamu ya Nine Inch Nails ya 2008. Prodyuza mmoja kijana wa Uholanzi, YoungKio, aliipata, akaweka dramu chini yake, akaiweka biti online auze. Lil Nas X akainunua dola 30. Baadaye ikabidi mambo yawekwe sawa, ndio maana ukicheki majina ya walioandika na kuprodyuzi hiyo ngoma utapata Trent Reznor na Atticus Ross, wasee wawili wa kelele ambao hawajawahi panda farasi kwa kazi.

Mimi nilianza kama mchezo. Nilitaka tu kuskia ile ngoma asili. Wiki tatu baadaye nilikuwa bado ndani, macho mekundu, bando imeisha mara sijui ngapi, nikiskiza konsati ya 1994 iliyorekodiwa na mtu alikuwa ameficha maiki kwa nguo. Sikujua naweza penda kitu kama hiyo. Na kilichonibamba zaidi haikuwa hata muziki pekee, ilikuwa venye watu wameutunza.

Kwanza tuelewane kuhusu hii industrial ni kitu gani, juu jina linachanganya. Mwaka wa 1976 huko Uingereza kundi la Throbbing Gristle lilifungua lebo yao wakaiita Industrial Records. Wazo lao lilikuwa hivi: kama maisha ya watu ni kiwanda, mashine na taa za ofisi, mbona muziki uendelee kujifanya ni maua na mapenzi? Wakachukua kanda, wakazikata, wakaweka kelele. Huko Berlin mwaka wa 1980 wakaja Einstürzende Neubauten, hao walipiga vyuma na drili kama vyombo vya muziki. Ushawahi pita Kamukunji saa nne asubuhi ukiskia mafundi wakigonga mabati hadi unapata ni kama kuna mdundo ndani? Basi umeshaelewa bila mwalimu. Baadaye Skinny Puppy huko Canada na Ministry wa Chicago wakaongeza sinthesaiza na gita kali, na hapo ndipo industrial rock ikazaliwa vizuri.

Reznor alikuja na kitu moja hao wengine hawakuwa nayo sana: alijua kuandika ngoma. Ukiondoa kelele zote unapata kuna wimbo chini, unaeza uimba bafu. Amezaliwa 1965, akalelewa Mercer, kamji kadogo ka Pennsylvania. Akaenda chuo cha Allegheny kusomea uinjinia wa kompyuta, akakaa mwaka mmoja, akatoka. (Mimi nilikaa muhula mitatu, kwa hivyo kwa hiyo mbio nimemshinda.) Akahamia Cleveland akapata kazi kwa studio inaitwa Right Track. Kazi yenyewe ilikuwa ya mkono, hadi kusafisha sakafu, lakini mwenye studio alimkubalia kitu moja: kama hakuna mteja, ingia urekodi zako. Kwa hivyo usiku, wenye pesa wakishaenda kejani, jamaa wa kufagia anawasha mashine.

Rekodi za hizo usiku zipo, na hapa ndipo stoo ya mashabiki inaanza kuwa tamu. Mwaka wa 1988 alitengeneza demo ambazo zinajulikana kama Purest Feeling. Hazikuwa zimekusudiwa kuuzwa, lakini zilitoka, zikazunguka kwa kaseti, kisha kwa CD za magendo, sasa ni faili. Mwaka uliofuata, 1989, albamu ya kwanza ikatoka, Pretty Hate Machine. Chukua zote mbili uziskize usiku mmoja. "Ringfinger" ya albamu kwa demo bado inaitwa "Twist". Kuna ngoma kama "Maybe Just Once" ambazo hazikufika kwa albamu kabisa. Demo zina furaha flani, ni karibu pop ya kudansi ya wakati huo, sauti imekaa ya msee anajaribu kupendeza. Albamu ni zilezile nyimbo zikiwa zimekasirika. Unaskia kabisa mahali alifanya uamuzi: hii nachomoa, hii nachafua, hapa naacha dramu pekee. Hakuna darasa la prodaksheni litakufunza hivyo, na mimi darasa nilishawahi kulipia.

Sasa, utajuaje nini ni nini? Reznor mwenyewe alisaidia bila kujua. Karibu kila kitu rasmi alichotoa kama Nine Inch Nails alikipa namba ya Halo. Singo ya "Down in It" ni Halo 1, Pretty Hate Machine ni Halo 2, EP ya Broken ni Halo 5, The Downward Spiral ya 1994 ni Halo 8, The Fragile ya 1999 ni Halo 14. Ukiweka namba kwa vitu, unajua binadamu yuko vipi: lazima atataka kujaza mapengo. Mashabiki wakaanza kuandika kila toleo, la nchi gani, lina ngoma ngapi, karatasi yake ina rangi gani. Leo ukiingia NIN Wiki unapata ukurasa wa karibu kila ngoma na kila konsati, na NIN Live wao wameshikilia rekodi za konsati peke yake, tour kwa tour, usiku kwa usiku.

Mfano wa mbona hii kuandika ni muhimu: Broken, ya 1992. Wakati huo Reznor alikuwa anazozana na lebo yake ya kwanza, TVT, hadi akawa anarekodi kisirisiri chini ya majina ya uongo ili wasishike kazi yake. Matoleo ya kwanza ya Broken yalikuja na CD ndogo kando yenye ngoma mbili za ziada. Kisha hizo ngoma zikahamishwa kwa CD kubwa, lakini zikafichwa: baada ya ngoma ya sita kuna treki tupu, moja baada ya nyingine, kila moja sekunde moja ya ukimya, hadi ufike namba 98 na 99. Fikiria msee ameketi 1992 akiangalia namba zikipanda kwa redio yake, 40, 41, 42, hakuna sauti, anadhani mashine imekwama. Leo ukiskiza kwa simu hiyo stori huipati, ni mpaka mtu alikuwa na ile CD akae chini aiandike.

Kuna pia filamu ya Broken, ile iliongozwa na Peter Christopherson, aliyekuwa mmoja wa hao Throbbing Gristle. Haijawahi kuuzwa rasmi kwa duka, na nikisema ni noma ninamaanisha usiiangalie ukikula. Reznor aliwapa marafiki wachache kopi za VHS, lakini kila kopi aliiweka alama yake: picha inapotea sekunde kidogo mahali tofauti. Ikivuja, anacheki picha inapotelea wapi, anajua nani ndiye mdomo. Na ilivuja kweli. Miaka mingi watu walikuwa wanaangalia kopi ya kopi ya kopi, rangi imetoka, sura za watu ni kama ukungu. Hapo ndio nilielewa neno ambalo utakutana nalo kwa hizi stoo kila siku: kizazi. Kaseti ya kwanza ni kizazi cha kwanza. Ukiinakili, kelele inaongezeka, ya juu inakatika. Kizazi cha tano ni kama kuskiza redio ya jirani kwa ukuta.

Ndio maana rekodi yoyote ya maana huja na karatasi yake. Inaandikwa tarehe, ukumbi, maiki gani, mashine gani ilirekodi (kaseti, DAT, MiniDisc), nani aliitoa kwa kanda kuiweka kwa kompyuta, na kama ilitoka kwa umati ama kwa miksa ya jukwaani. Usidhani ya miksa ndiyo poa kila saa. Miksa inakupa sauti safi lakini imekauka, hakuna watu. Ya umati unaskia ukumbi, unaskia msee anaitisha rafiki yake bia, halafu bess ikiingia maiki inalia kidogo na watu wote wanapiga nduru. Kama unatafuta kujua ilikuwaje kuwa pale, chukua ya umati.

Kitu kingine: hao watu hawapendi MP3, wanataka FLAC. Nilidhani ni maringo. Lakini sababu iko. MP3 inapunguza faili kwa kutupa sauti ambazo inadhani huzisikii. Ukiigeuza MP3 tena iwe MP3, inatupa zaidi. FLAC inakunja faili bila kutupa kitu. Na kuna wasee wajanja wanachukua MP3 wanaigeuza FLAC wakijifanya ni safi, lakini wanashikwa kirahisi: unaiweka kwa programu inayochora sauti, spektrogramu, na unaona mahali juu imekatwa kama nywele ya kinyozi. MP3 ya 128 mara nyingi inakatika karibu 16 kHz. Hapo huna la kujitetea.

Hiyo spektrogramu ina stori yake ndani ya NIN pia, na ni moja ya vitu vilinifanya nicheke peke yangu saa nane usiku. Februari 2007, bendi ikiwa Lisbon huko Ureno, shabiki akapata flashi imeachwa kwa choo cha ukumbi. Ndani kulikuwa na "My Violent Heart", ngoma ambayo haijatoka. Nyingine ikapatikana Barcelona. Mwishoni mwa ngoma kulikuwa na kelele tupu, shhhh tu, mtu wa kawaida angezima. Mashabiki wakaipitisha kwa spektrogramu, wakaona picha: kitu kama mkono mkubwa unashuka kutoka juu. Kumbe ilikuwa sehemu ya mchezo mzima wa albamu ya Year Zero, na herufi zilizokolezwa kwa tisheti za tour zilikuwa zinapeleka watu kwa tovuti za siri. Msanii mwenyewe ndiye ameacha flashi chooni. Na bado chama cha makampuni ya muziki Marekani kilituma barua kwa walioweka hizo ngoma online, kikiwaambia watoe. Yaani mkono wa kulia hauna habari na wa kushoto.

Reznor alikuwa ashaanza kutoa hata vitu vya jikoni. Aprili 2005 aliweka "The Hand That Feeds" bure ikiwa imepasuliwa vipande: sauti yake kando, gita kando, dramu kando, unaifungua kwa kompyuta yako unaitenganisha unavyotaka. Ukiwa prodyuza chipukizi na haujawahi fanya hiyo na ngoma ya mtu mkubwa, jaribu. Zima kila kitu uwache sauti pekee, utashangaa venye anaimba pole pole kuliko ulivyodhani, hasira yote iko kwa vyombo. 2007 akatoka kwa lebo kubwa. Machi 2008 akatoa Ghosts I–IV, ngoma 36 bila maneno, chini ya ruhusa ya Creative Commons: nakili, badilisha, pea watu, bora umtaje na usiuze. Zile tisa za kwanza alizitoa bure, hadi akaziweka mwenyewe kwa Pirate Bay, nzima ilikuwa dola tano. Miezi miwili baadaye The Slip ikaja bure kabisa. Biashara haikufa, kama kuna mtu alikuwa anangoja: Ghosts ndiyo albamu iliuza zaidi kwa duka la MP3 la Amazon mwaka huo.

Halafu Januari 2009, hii sasa ndiyo ilinimaliza. Alikuwa ametoka kumaliza tour ya Lights in the Sky. Kukatokea online vidio mbichi za konsati tatu za hiyo tour, zaidi ya GB 400, kwa torenti. GB 400! Hesabu mwenyewe bando ungeenda kununua, halafu kaa chini. Mashabiki kutoka nchi tofauti, wengi hawajawahi kuonana, wakajiita This One Is on Us, wakagawana kazi. Huyu anakata picha, huyu anarekebisha rangi, huyu anapanga sauti, mwingine anachora kava. Mwisho wa mwaka wakatoa filamu kamili ya konsati, Another Version of the Truth, bure, unaeza ichoma kwa DVD ama Blu-ray. Nimeiangalia. Kuna sehemu kamera inatingika na sijali hata kidogo.

Unaweza uliza, kwani lebo hazina stoo zao? Ziko. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka kwa majengo ya Universal huko California, na ndani kulikuwa na kanda mama za muziki. Gazeti la New York Times lilipochapisha orodha ya wasanii mwaka wa 2019, jina la Nine Inch Nails lilikuwemo. Universal wenyewe walikataa, wakasema hasara imetiwa chumvi sana. Mwaka huohuo wa 2019 MySpace wakakubali kwamba walipokuwa wanahamisha mitambo yao walipoteza muziki uliowekwa hapo kwa zaidi ya miaka kumi, inakadiriwa ngoma milioni 50. Hapo sasa hakuna kanda, hakuna kizazi cha tano, hakuna kitu. Kama hukuwa na kopi kwa mashine yako, imeenda.

Hiyo ya MySpace iliniuma juu najua inavyokaa. Tulikuwa na beshte mtaani alikuwa anatengeneza biti kwa kompyuta ya kuungaunga, kelele na sauti za nduthi na geti, kabla hata sijajua hiyo kitu ina jina. Watu walikuwa wanamcheka. Wakati nilikutana na Duma, wale wawili wa Nairobi waliotoa albamu na Nyege Nyege Tapes ya Kampala 2020, kelele ya kukupasua kichwa, nilifikiria yeye kwanza. Lakini diski yake ilikufa kitambo. Fundi alisema imegonga, hakuna kutoa kitu. Yeye mwenyewe akaacha, siku hizi ako na kazi ya kawaida, na ukimuuliza anasema "achana na hizo."

Kama unataka kuanza kuingia hii stoo, usianze na GB 400. Chukua ngoma moja uifuate. Mimi ningesema "Hurt", juu wengi wanaijua kupitia Johnny Cash, aliyeirudia 2002. Anza na ya The Downward Spiral, iliyorekodiwa kwa nyumba ya Los Angeles mahali mauaji ya genge la Manson yalifanyika 1969 (Reznor baadaye alijutia kukaa huko). Kisha tafuta rekodi za 1995 akiwa tour na David Bowie, wanaimba pamoja. Kisha ya albamu ya konsati ya 2002. Soma karatasi ya kila rekodi kabla uibonyeze. Ukipenda hiyo, nenda Woodstock ya 1994, bendi nzima imejaa matope hadi meno, na "Happiness in Slavery" ya siku hiyo ndiyo iliwapa Grammy. Na kitu kinachouzwa dukani usikitafute kwa stoo, hao wasee wako makini na hiyo, kanunue ama uiskize kwa programu yako.

Mimi nimeanza kafolda kangu. Nimeuliza kila mtu alikuwa kwa ile mbogi yetu atafute kwa simu yake. Hadi sasa ziko ngoma kumi na moja za huyo beshte, nyingine ni zilezile lakini moja ni ndefu. Nyingi ziko na majina ya WhatsApp, AUD halafu namba, lakini hizo namba ni tarehe, kwa hivyo angalau najua ilitumwa siku gani. Nimeandika kando ya kila moja nani amenipea na simu gani. Jana mmoja akaniambia ako na zingine mbili kwa Nokia ya kitambo, lakini haiwaki na chaja ilipotea walipohama. Leo natafuta chaja.